Nilivyomwombea Sweta Marehemu wa Sinema

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya landhi nzima, mtaa mzima wa nyumba za reli, tena kwa maikrofoni. Nyinyi mliokwenda nyumbani kwa Krismasi mtaisikia habari hii mara tu mtakaposhuka kwenye gari la moshi hapa Nakuru. Nawaandikia ili muisikie kwangu kwanza, kabla haijaongezwa chumvi. (Ingawa sioni chumvi itaongezwa wapi.)

Mnajua kazi yangu ya sikukuu. Siku za kawaida mimi ni karani wa stoo ya reli. Lakini sinema ikija hapa ukumbini, mimi ndiye msemaji. Picha inaongea Kiingereza, fundi wa mashine anaipunguza sauti, nami nasimama kando ya shuka nyeupe nikiwaeleza watu kwa Kiswahili yanayotendeka. Mara nyingi picha yenyewe sijaiona. Naiona siku hiyo hiyo pamoja na nyinyi. (Ndiyo. Miaka yote hiyo mlidhani nimeisoma mahali.)

Na habari ya Truphosa mnaijua pia. Nampenda, naye amekubali. Aliyekuwa hajakubali ni baba yake, Mzee Ezekia, fundi wa mabehewa na mzee wa kanisa. Kwake yeye sinema ni shule ya wezi. Juma lililopita nilijikaza, nikavaa tai, nikaenda kumwambia kwamba wazee wangu wa Keringet wangependa kuja kuzungumza. Akaniangalia kuanzia viatuni.

"Wewe ndiye unapiga kelele kwa sinema?"

"Ndiyo, Baba. Lakini siku ya pili ya Krismasi tutaonyesha picha ya Krismasi. Safi kabisa. Hata kwaya iko."

"Umeiona?"

"Nimeiona, Baba." (Nilikuwa nimeuona mkebe wake. Juu ya mkebe kulikuwa na mti wa Krismasi, mishumaa na kengele. Nyinyi mngefikiri nini?)

"Sawa. Nitakuja na mama yake, na kina mama wa kanisa. Kama picha iko safi, ambia wazee wako wakuje. Kama ni uchafu, usipite tena mbele ya mlango yangu."

Basi leo mchana nikaoga mara mbili. Tumefunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi ya reli ili giza liingie, na viti vya mbele nimevipanga mwenyewe. Mzee Ezekia akaketi katikati na koti lake la Jumapili, Mama Truphosa kulia kwake, Truphosa kushoto, na kina mama wa kanisa wenye vitambaa vyeupe wakajaza safu yote. Nyuma yao walikaa watu wa landhi. Nyuma kabisa walisimama vijana wa karakana, wale ambao hata msibani hawanyamazi.

Mashine ikaanza kunguruma. Kengele za kanisa zikalia. Theluji ikaanguka juu ya mapaa.

"Woi!" mama mmoja akasema. "Unga yote hiyo imemwagika?"

"Ni theluji, Mama," nikasema kwa maikrofoni. "Ni kama ile mvua ya mawe ya Molo, lakini hii huanguka polepole."

Kwaya ikaimba mlangoni kwa watu. Mzee Ezekia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamtazama Truphosa, naye akanitazama. Moyoni nikaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari.

Ndani ya nyumba kubwa alikuwamo bibi mmoja mzungu, tajiri, mwenye pete kila kidole. Mezani alikaa na mpwa wake, mwanamume mwembamba wa masharubu. Bibi alipogeuka kuutazama mti wa Krismasi, yule mpwa akatoa karatasi mfukoni na kumwaga unga mweupe katika glasi ya bibi.

Ukumbi ukasema, "Eeeeh!"

Mzee Ezekia akanigeukia. Nikaona mlango wake ukifungwa, na mimi nikiwa nje. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Kijana huyu ni mwema sana," nikasema. "Anamtilia shangazi yake dawa ya kikohozi."

Bibi akanywa. Akakodoa macho. Kisha akaanguka, uso pu! ndani ya keki.

"Bibi anaomba," nikasema. "Anashukuru kwa chakula."

Wale vijana wa nyuma wakapasuka. "Msemaji! Hiyo mama imekufa!"

Mzee Ezekia akasimama, akawageukia kwa hasira. "Nyamazeni nyinyi! Mama anaomba! Kwani nyinyi kwenu hamuombi?"

Wakanyamaza. Nami ningeweza kuukiri ukweli hapo hapo, mambo yakaisha. Lakini mtu aliyekwisha kutetewa na baba mkwe mbele ya watu ataanzaje kusema kwamba baba mkwe amekosea? Nikaendelea. Truphosa amesomea ualimu na Kiingereza anakijua kunishinda. Alikuwa ameinama, leso yote ameijaza mdomoni.

Mpwa akaanza kumvua bibi zile pete. Nikasema anamsaidia kunawa mikono. Mlango ukagongwa, wageni wakaingia na zawadi. Mpwa akaruka, akamkalisha bibi wima, akajificha nyuma ya pazia, akapitisha mkono wake chini ya shali ya bibi na kuanza kuwapungia wageni. Jamani! Ule mkono ulikuwa na manyoya! Ukachukua sigara, ukaipeleka sikioni. Ukamkuna mgeni kidevu. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka na waliokuwa juu yake, na hakuna aliyejali kuinuka.

"Bibi anawabariki wageni," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Amina," akasema Mzee Ezekia.

"Amina," wakaitikia kina mama wa kanisa, ingawa niliona mabega ya Mama Truphosa yakitikisika kwa namna isiyo ya ibada.

Wageni walipoondoka, mpwa akamvalisha bibi nguo nyekundu za Fatha Krismasi, ndevu za pamba na kofia. Akamfunga kwa kamba juu ya kigari cha mbao kisicho na magurudumu, kile cha kuteleza juu ya theluji, apate kumtoa mjini bila kujulikana. Nikasema bibi anakwenda kuwagawia maskini zawadi. Kamba ya kukivutia kigari ikamponyoka mpwa. Kigari kikateremka mlima peke yake, bibi ameketi wima, ndevu zinapepea, mbwa wanambwekea, polisi njiani anampigia saluti. Kikapita katikati ya kwaya. Kikapasua duka la maua na kutokea upande wa pili, bibi amebeba shada la maua mikononi.

Ukumbi haukuwa ukumbi tena. Watu walilia. Mzee mmoja wa karakana alitoka nje kupumua, akarudi mbio asipitwe. Mimi mwenyewe nilikuwa nauma ulimi nisicheke.

Ndipo Mzee Ezekia akanyanyua mkono. "Simamisha mashine!"

Fundi akasimamisha. Taa zikawashwa. Nikajua basi, amegundua.

"Watu wangu," akasema kwa uchungu, "nyinyi mnacheka nini? Mama mzee kama huyo, baridi kama hiyo, ameacha chakula yake, ameenda kusaidia maskini. Na nguo yake ni nyepesi. Hata sweta hana! Simameni tumuombee. Kijana, wewe ndiye unamjua. Omba."

Jamani. Niliomba.

Nilisimama mbele ya ukumbi mzima, macho nimeyafumba, maikrofoni mkononi, nikamwomba Mwenyezi ampe afya njema yule bibi, amwepushe na homa ya mapafu, na amletee mtu mwenye moyo wa kumpa sweta. Nikasikia mtu akikoroma kwa kicheko nyuma. Nikafumba macho zaidi. Kina mama wa kanisa walisema "Amina" kwa nguvu, na mmoja akasema, "Sweta ya sufu, Bwana."

Taa zikazimwa. Mashine ikaendelea.

Picha iliyofuata ilionyesha watu wenye nguo nyeusi wakitembea polepole. Wanaume wawili walikuwa na sepeto, wanachimba.

"Wanafanya nini hapo?" Mzee Ezekia akauliza.

Jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. "Wanalima, Baba. Ni viazi. Kama kule Dundori."

"Na hiyo sanduku?"

Sanduku lilikuwa refu, jeusi, lina vishikio vya fedha. Wakaliinua kwa kamba. Wakaliteremsha shimoni mbele ya macho ya kila mtu.

"Mbegu, Baba."

Padri wao akatupa udongo. Mpwa akajifanya analia. Kisha wakasimamisha msalaba juu ya mbegu zangu.

Kijana mmoja nyuma akasema polepole, kwa adabu kabisa, "Msemaji, hiyo mbegu ikiota utuite."

Wee! Ule mlipuko wa kicheko ulisikika mpaka stesheni. Watu walipiga viti, walipigana mabega. Fundi wa mashine alicheka mpaka akagonga mashine, picha ikahamia ukutani. Nami nilisimama pale, mwanga wote wa mashine usoni pangu, maikrofoni mkononi, sina pa kwenda. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimtafuta Truphosa, nikaona kichwa chake kiko magotini na mabega yanaruka. Nikajiambia, Kiprono, umemwona mara ya mwisho huyo.

Mzee Ezekia akainuka. Akaja hadi nilipo, hatua za mtu anayekwenda kufunga kesi. Taa zikawashwa. Watu wakanyamaza, maana kila mtu landhini alijua nilichokuwa nimekuja kukitafuta.

"Kijana. Huyo mama amekufa?"

"Amekufa, Baba."

"Tangu lini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Tangu kwa keki."

"Wakati nilisema hawa vijana wanyamaze?"

"Alikuwa amekufa, Baba."

"Wakati nilisema Amina?"

"Hata wakati huo, Baba. Nilidanganya. Nilidanganya pia kwamba picha nimeiona. Niliona mkebe tu. Niliogopa utakasirika uninyime Truphosa, na nilipoanza sikujua pa kushukia. Nisamehe."

Maikrofoni iliyokuwa wazi baina yetu ilikuwa imewapelekea watu wote kila neno. Kisha kutoka safu ya mbele ikasikika sauti nyembamba. Ni Mama Truphosa. Alijaribu kuizuia, ikamshinda, kitambaa cheupe kikamwangukia machoni.

"Baba Truphosa," akasema katikati ya kicheko, "umemuombea maiti sweta!"

Mzee akageuka kumtazama mkewe kwa ukali. Midomo yake ikacheza. Akainua kidole kama anataka kukemea, kidole kikabaki hewani. "Ya sufu," akasema. Basi akakwisha. Alicheka akishika ukuta, alicheka akinishika mimi begani, machozi yakaingia kwenye kola ya koti la Jumapili. Nami nikaanza kucheka, kwa hofu kwanza, halafu kwa raha kabisa.

Alipopata pumzi alimwita fundi. "Rudisha hiyo kitu mwanzo. Na wewe, kijana, sasa sema ukweli yote. Yote!"

Tukaanza upya. Niliitaja sumu kuwa sumu na maiti kuwa maiti. Hakuna aliyetoka, hata wale waliokuwa wameacha vyungu motoni. Na jamani, nani alicheka kuliko wote? Huyo huyo adui wa sinema. Ilipofika pale kwenye pazia alikuwa tayari amesimama juu ya kiti, anamfundisha kazi yule muuaji.

"Shusha hiyo mkono! Hapana sikio, mdomo! Weka sigara kwa mdomo! Ah, huyu mwizi ni mjinga, atashikwa!"

"Ezekia, keti chini," Mama akasema.

"Siketi! Ameacha viatu ya mama kwa mlango!"

Polisi walipomkamata mpwa mwishoni, Mzee Ezekia alipiga makofi, lakini uso wake ulionyesha amehuzunika kidogo. Kina mama wa kanisa walisema ni picha yenye mafundisho, wakauliza kama italetwa tena Pasaka.

Nje jua lilikuwa bado kali, sote tukafumbafumba macho. Truphosa akanipitia karibu. "Mkulima wa viazi," akaninong'oneza, akaendelea kutembea. Nilifurahi kuliko nilivyostahili. Kisha nikamwona baba yake ananisubiri mlangoni, kofia mkononi, na furaha ikarudi tumboni kujificha.

"Kiprono," akasema. (Hajawahi kuniita kwa jina.) "Mtu ambaye anaogopa hivyo kwa sababu ya binti yangu, huyo anampenda. Ambia wazee wako wakuje mwezi ujao."

"Asante, Baba! Nitawaleta mwenyewe. Na kwa kuwa Kiswahili kinawasumbua, mimi nitawafasiria."

Mzee Ezekia akavaa kofia yake polepole.

"Hapana. Wazee wako walete," akasema. "Mfasiri nitatafuta mimi."

Basi mkirudi mnipe hongera, lakini atakayecheka harusini hatapata nyama.