Mkuu wa Foleni ya Dawa, Ghubra

Jumamosi, 9 Juni 2007

Siku ya tatu tangu kimbunga kipite. Bombani hamna maji. Tope limefika kwenye kiti cha wageni. Lakini leo nimeamka na furaha. Nimeitwa!

Skuli moja hapa mtaani kwetu Ghubra, Maskati, imegeuzwa kituo cha kugawa dawa kwa watu ambao dawa zao zimechukuliwa na mafuriko. Dawa za sukari, za presha, za moyo, za pumu. Mamia ya watu. Nani atawaongoza? Nna miaka kumi na minane kwenye chumba cha mafaili ya wagonjwa hospitali. Nikapiga pasi kanzu. Nikamwambia mke wangu Hasina asinisubiri kwa chakula, wakubwa huchelewa. Akasema sawa, lakini mkubwa apitie maji ya kunywa akirudi.

Kumbe mkuu wa kituo ni Bi Nasriya. Mfamasia. Miaka thelathini na miwili! Kavaa kizibao chekundu. Msaidizi wake, anayesimamia wafanyakazi, kavaa cha buluu, naye ni Harub wa Sib. Dereva wa ambulensi! Mimi nimepewa cha manjano. Foleni. Niwapange watu, na wasioweza kungoja niwapitishe mbele.

Halafu Bi Nasriya kaniita Ami Sinan mbele ya watu. Ami! Nimemzidi miaka kumi na miwili tu.

Harub kanambia kwa upole kuwa manjano yananipendeza. Sitasahau.

Jumapili, 10 Juni

Nimegundua siri ya ukubwa. Mtu hawi mkubwa kwa kizibao, huwa mkubwa kwa kuwa na watu chini yake. Foleni nimepewa wasichana sita wa chuo waliojitolea. Asubuhi nikawakusanya nikawapa vyeo. Mkuu wa Viti. Mkuu wa Maji. Mkuu wa Kivuli. Mkuu wa Kalamu. Mkuu wa Wazee. Wa mwisho, anaitwa Reem, akauliza yeye mkuu wa nini. Nikamwambia Mkuu wa Mawasiliano baina ya Wakuu. Wakafurahi sana. Mimi nikawa Mratibu wao.

Saa nne maji ya kunywa yakaisha. Jua kali, foleni imefika mpaka kwenye lango, watoto wanalia. Nikamwita Mkuu wa Maji. Akasema keshaona kuwa yamekwisha na keshampa Reem taarifa. Reem akasema anamtafuta Mkuu wa Kivuli ili wakubaliane katoni za maji ziwekwe wapi. Kubeba? Hakuna aliyebeba. Wote wakubwa!

Nikageuka nikamwona Bi Nasriya na kizibao chake chekundu, katoni mbili mikononi, anapita katikati ya foleni akiwagawia wazee. Nilidhani atanifokea. Hakufoka.

"Ami Sinan," akanambia, "hawa wasichana wana nguvu na wana moyo. Wape kazi, si majina."

Nikasema ndiyo. Moyoni nikasema ananionea wivu.

Jumatatu, 11 Juni

Ushindi!

Nililala nikiwaza namna ya kumwondoa Harub. Asubuhi nikamwendea Bi Nasriya na uso wa huruma. Nikamwambia kuna wagonjwa ambao nyumba zao zimezungukwa na maji, hawawezi kufika, na pengine mtu mzoefu wa barabara angewapelekea dawa nyumbani. Sikutaja jina. Nikatazama tu gari la Harub.

Bi Nasriya akanishika bega. Akasema ni fikra nzuri kuliko zote alizosikia wiki hii. Harub naye akanishukuru! Akasema hata yeye alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya watu hao. Akavua kizibao cha buluu akanivisha mwenyewe. Kilinibana kidogo tumboni, lakini buluu ni buluu.

Sasa wafanyakazi wako chini yangu. Jana Harub alihudumia watu mia nane. Mimi nataka elfu moja. Nimeangalia ratiba yake: kila mtu anapumzika dakika ishirini kila baada ya saa mbili. Ndiyo maana hawafiki elfu! Nimefuta mapumziko yote. Wasichana wa meza ya kuandika majina wamenitazama vibaya. Uongozi hauna marafiki.

Hasina kauliza maji ya kunywa yako wapi. Nimesahau.

Jumanne, 12 Juni

Leo hapana ushindi.

Saa tisa mchana tulifika watu mia tisa na kumi. Nilikuwa natembea mikono nyuma. Akaja mama mmoja mezani na mfuko wake wa dawa, akasema hizi si zake. Yeye ana sukari, mfukoni mna dawa za presha. Jina kwenye mfuko: Mahbuba binti Saeed. Jina ni lake. Tukatazama daftari. Mna Mahbuba binti Saeed wawili, mmoja chini ya mwengine! Reem, niliyemhamishia meza ya majina, ndiye aliyeandika. Kakaa kwenye kiti tangu saa moja asubuhi bila kuinuka. Macho mekundu. Akaanza kulia, akasema herufi zilikuwa zinamchezea.

Basi yule Mahbuba mwengine, bibi wa miaka sabini mwenye presha, kenda zake na dawa za sukari. Akizinywa zitamshusha sukari mpaka aanguke. Simu yake haipatikani.

Nikakimbilia langoni. Harub akaingia na gari lake, tope mpaka magotini, akasikia jina, akasema nyumba anaijua. Tukatoka mbio. Gari likakwama kwenye wadi, lile bonde la mto lililojaa tope, tukashuka tukaenda kwa miguu. Kiatu kimoja nimekiacha topeni. Njia nzima nilikuwa nikiomba. Si kwa ajili ya kizibao. Wallahi, kwa ajili ya yule bibi.

Tulimkuta barazani na glasi ya maji, kidonge mkononi. Nikapiga ukelele. Bibi wa watu akaruka.

"Nyie mna kichaa?" akasema kwa Kiunguja safi. "Kidonge changu cheupe. Hiki kina rangi. Nnakitazama robo saa nzima, wala sikinywi mpaka aje mtu anambie."

Nikakaa chini pale pale. Machozi yalinitoka, nikamwambia Harub ni vumbi. Kila kitu kimelowa Maskati nzima lakini nikasema vumbi. Harub akasema ndiyo, vumbi jingi. Bibi katulazimisha tule halwa kwanza.

Tuliporudi, wote walidhani kosa ni la Reem. Nikamwambia Bi Nasriya kosa si lake, mapumziko niliyafuta mimi. Kisha akamwita Reem akampeleka akalale, akaniomba kizibao cha buluu. Nikadhani atanifukuza. Akanipa cha manjano.

"Foleni inakuhitaji kesho," akasema.

Jumatano, 13 Juni

Mapumziko yamerudi. Majina sasa yanasomwa na watu wawili, tena pamoja na jina la babu na mtaa. Mimi niko langoni na kiatu kimoja changu na kimoja cha shemeji.

Saa tatu nikamwona mzee kasimama nyuma kabisa, kimya, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Hakulalamika. Lakini mimi uso ule naujua! Faili lake ni nene kama tofali, sukari tangu mwaka tisini na moja. Nikamshika mkono nikampitisha mbele ya watu mia mbili. Mmoja akaniuliza mimi nani hata nimpitishe mtu. Nikamwambia mimi ndiye foleni.

Bi Nasriya kasema angechelewa nusu saa tungempoteza. Baadaye kaniomba nisimame langoni siku zote, maana hakuna mwengine anayewajua wagonjwa kwa nyuso. Harub kaniletea chai. Tumekunywa tumekaa kwenye ngazi. Si mtu mbaya. Anasikia vizuri.

Alhamisi, 14 Juni

Watu elfu moja na arubaini! Na kila mtu kapumzika. Reem kacheka leo. Bi Nasriya katukusanya sote akatushukuru, akasema kuongoza ni kuangalia nani kachoka kabla hajaanguka. Neno hilo nimeliandika. Nimelisoma mara tatu. Nimebadilika kabisa.

Nimerudi nyumbani na maji ya kunywa. Hasina kanitazama kama mgeni.

Ijumaa, 15 Juni

Baada ya sala, jirani yangu Ishaq na majirani wengine wametoka na makoleo kusafisha tope la mtaa wetu. Wamenigongea mlango nikawasaidie. Nikauliza nani kiongozi. Wakasema hakuna kiongozi, kuna tope tu.

Hakuna kiongozi!

Nimewaomba waweke makoleo chini wasianze, wanipe saa moja niandike hotuba. Hasina katoka kwa mlango wa nyuma na koleo. Nimempigia kelele arudi. Sijamteua bado.