Mt. Nyanya, Utuombee

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Vibao vyangu vipya vya mitaa vimetundikwa asubuhi hii. Kumi na viwili! Rangi ya bluu, herufi nyeupe kubwa kama sahani. Siri ya ukubwa? Nimefupisha! Badala ya "Mtaa wa Nyanya" nimeandika "Mt. Nyanya". Akili hizo! Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Rula kwa sababu hupima hata kivuli chake, alishauri neno "Mtaa" liandikwe lote. Wivu tu.

Mkurugenzi wetu wa manispaa kasema wananchi wajaze fomu za maoni mpaka Ijumaa. Sanduku liko mapokezi. Wakivipenda, napata barua ya kuthibitishwa kazini. Wakivikataa, miezi yangu sita ya majaribio ndiyo basi. Nyumbani mama mkwe kauliza, mbele ya mke wangu, kama hiyo barua kweli ipo au ni porojo. Nimesema iko njiani.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Balaa! Nimepita Mtaa wa Nyanya kutega sikio. Fundi viatu kasimama chini ya kibao, kofia mkononi, anamwomba Mtakatifu Nyanya amletee wateja. Watu hawana mbavu. Mtakatifu! Kila mtu anajua "Mt." ni Mtakatifu. Kila mtu isipokuwa mimi, miezi miwili mizima na penseli sikioni! Nikakimbilia kona ya pili: Mt. Machinjioni. Ya tatu: Mt. Gereza la Zamani. Sikwenda ya nne.

Mwenye saluni kaniuliza kama namfahamu punguani aliyeviandika. Nimesema simfahamu, ila nasikia ni mtu mwenye kipaji.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Roho juu juu. Lakini mimi ndiye ninayefungia sanduku stoo ofisi ikifungwa, kwa hiyo nimechungulia. Fomu thelathini. Ishirini na tisa zinamwomba mtakatifu fulani kitu fulani. Ya thelathini sikuisoma, mwandiko tu umenitosha: mama mkwe! Kafunga safari mpaka ofisini kuja kunimaliza! Nimeisokomeza mfukoni. Zile nyingine nimeziacha, mlinzi aliwaona watu wakizijaza. Hii moja nani ataijua?

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Mpango kabambe. Nimejifungia chooni ofisini na fomu hamsini tupu, kalamu tatu. Mkono wa kushoto kwa wazee, wa kulia kwa vijana. Vibao vinapendeza mno. Aliyevibuni asiachwe kamwe. Kila fomu jina la kubuni na anwani kamili, mimi si mtu wa kulipua kazi.

Rula kagonga mara tatu akiuliza kama naumwa. Nimeguna kwa uchungu ili aondoke. Kaenda kuniletea dawa ya tumbo! Imebidi niimeze, yeye kasimama ananitazama kwa huruma. Sasa naumwa kweli.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Nimeumbuka. Mkurugenzi kafungua sanduku mbele ya ofisi nzima. Kazipanga fomu mafungu mawili, taratibu, jasho linanichuruzika mgongoni. Kejeli huku, sifa kule. Kisha kaniuliza, kwa upole wa kutisha, inakuwaje watu wote ishirini na tisa wa kejeli wanaishi "Mtaa wa" fulani, kwa kirefu, na wote hamsini wa sifa wanaishi "Mt." fulani. Nimesema labda wamekizoea kibao upesi. Rula kakohoa. Mkurugenzi kasema nifike Jumatatu anipe uamuzi wake, na nije na boksi la kubebea vitu vyangu.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu anakagua suruali kabla ya kufua, kachomoa karatasi mfukoni, kaisoma kwa sauti. Kwamba mwandishi ana miaka sabini na moja. Kwamba amelisoma jina la mtaa bila miwani, toka ng'ambo ya barabara, mara ya kwanza baada ya miaka kumi. Kwamba huo ufupisho ni wa kijinga, lakini aliyechora herufi hizo wasimfukuze, tafadhali.

Mama mkwe kajifanya anatafuta sindano. Aibu iliyonishika! Machozi yamenilenga. Nimemwomba radhi. Kasema niache kuvuta makamasi, niipeleke karatasi ofisini.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Mkurugenzi kaisoma, kaangalia anwani. "Mtaa wa", kwa kirefu. Kashusha pumzi. Kasema hii ndiyo sifa pekee anayoiamini. Miezi mitatu zaidi ya majaribio! Herufi zibaki kubwa, "Mt." ifutwe yote, kisha nianze vibao vya barabara. Nimeapa mbele yake kwamba somo limeniingia.

Mchana nimepima. "Barabara ya Shule ya Watoto" haienei kwa herufi kubwa, hata nifanyeje. Na herufi sipunguzi, siwezi kumwangusha mama. Rula kashauri kibao kirefu zaidi. Thubutu! Nimekuna kichwa mpaka jawabu likaja. Nimelikagua mara mbili, mtakatifu hayumo kabisa.

Cha kwanza kati ya kumi na vinne kiko tayari, kinatundikwa kesho. Kinakwenda langoni pa shule, na kinasomeka toka mbali: "Bar. Shule ya Watoto". Safari hii nione nani atacheka.