Kufuli za Katoni Moja

Suruali moja, testa mpya kabisa ya kupimia stima, na heshima yote niliyokuwa nayo kati ya Lodwar na Kakuma. Hiyo ndiyo hasara ya leo. Nimepiga hesabu mara mbili, haipungui.

Leo nimedharauliwa hadi na mbuzi.

Nianze mwanzo, maana najua kuna watu wameshaanza kusambaza toleo lao. Mimi ni fundi wa mabomba, Lodwar mnanijua. Sasa kuna Mama Akiru, mwenye gesti, ameamua kila chumba kiwe na hita ya maji ya kuoga. Hita! Lodwar! Mahali ambapo ukifungua bomba saa saba mchana maji yanatoka tayari kwa majani ya chai. Lakini wageni wake wanataka maji moto alfajiri, na wageni ndio wanaolipa, basi mimi ni nani? Kazi ilikuwa yangu, kwa sharti moja.

"Bila cheti cha stima hugusi ukuta wangu," aliniambia. "Yule fundi wa mwisho alifanya mgeni wangu arushwe na stima akiwa na sabuni machoni."

Nikapanda basi mpaka Kakuma kwa kozi ya msingi ya stima kwa mafundi wa mabomba. Siku mbili. Jana maneno, leo vitendo.

Mwalimu ni binti. Anaitwa Hodan, Msomali wa hapo hapo Kakuma, mtandio mpaka viwikoni na bisibisi mkononi. Jana alitumia asubuhi nzima kutufundisha kuzima swichi. Kuzima! Mtoto wangu wa chekechea anazima.

"Ukizima, funga swichi kwa kufuli yako," akasema. "Ufunguo ukae mfukoni mwako. Si kwa meza, si kwa rafiki. Andika jina lako kwa kikaratasi, uning'inize hapo. Halafu pima na testa. Ndiyo sasa ushike."

Nikainua mkono. "Mwalimu, kwani hiyo swichi ina dhahabu ndani?"

Darasa zima likacheka. (Jana walikuwa wangu hao.)

"Mzee," akanijibu, "inafungwa kwa ajili ya mtu anayeshika waya upande wa pili."

Mzee! Mimi!

Akamaliza kwa kusema kila mtu aje na kufuli yake kesho. Hapo akili yangu ya biashara ikaamka. Tulikuwa mafundi sita, na mafundi sita wakienda sokoni mmoja mmoja wanakamuliwa mmoja mmoja. Nikawaambia waniachie mimi.

Mama wa duka alinitolea kufuli nzito, nzuri, akataja bei. Nikacheka kwa adabu. Akashusha. Nikaaga. Akashusha tena. Nikaenda hadi barabarani, nikarudi. Mwishowe alichoka na sura yangu, akavuta katoni kutoka chini ya meza.

"Chukua hizi basi. Lakini ni za masanduku ya watoto wa bweni."

"Mama, kufuli ni kufuli."

"Haya. Mimi nimesema."

Nikachukua sita. Asubuhi nikawauzia wenzangu kwa faida ya kistaarabu. (Miguu yangu ya kwenda sokoni nani anailipa?)

Sasa leo. Uwanjani kuna tangi jeusi, pampu sita ndogo, na swichi sita zimepangwa ukutani. Kila mtu na pampu yake: zima, funga, pima, legeza bomba, badilisha mpira wa maungio, rudisha. Nilizima. Nikafunga kufuli. Nikapima, hakuna stima. Kikaratasi cha jina sikuandika, na Bahati, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, aliyekuwa na swichi ya pili kutoka kwangu, akaniangalia naye akaacha.

Hodan akapita. "Jina liko wapi?"

"Nitaandika nikimaliza."

"Ukishamaliza litakuwa la nini, mzee?"

Kabla sijapata jibu la kumkomesha, akaitwa upande wa pili. Nikahesabu kwamba nimeshinda.

Nikaenda kuchuchumaa nyuma ya tangi. Nikalegeza maungio, uso juu ya bomba, huku nikiwaeleza majirani jinsi kozi hii ilivyo ya kupotezea watu wazima muda. Nilikuwa katikati ya sentensi. Sentensi nzuri, kusema kweli.

Huko ukutani Bahati alikuwa amemaliza kazi yake. Akakuta kufuli mbili kama mapacha, zote hazina jina. Akachagua moja. Akaingiza ufunguo, ukakubali. Akawasha swichi.

Ilikuwa yangu.

Pampu ni ndogo, lakini maji hayakuambiwa. Yalinipiga chini ya kidevu, maji ya tangi jeusi la Kakuma, yale ya chai. Testa ikaruka ikazama kwenye tope. Mimi nikakaa kitako, suruali ikapasuka pale suruali hupasukia. Na uwanja ule hauna lango. Mbuzi wa kutoka upande wa Lopur waliokuwa wakipita barabarani wakasikia harufu ya maji, wakafika kabla ya msaada. Mmoja alikunywa katikati ya miguu yangu, polepole, kama mteja aliyelipa.

"Zima!" Hodan akapiga kelele.

"Lakini ni ya kwangu!" Bahati akalia. "Ufunguo ilikubali, ndugu! Ilikubali!"

Swichi ikazimwa. Hodan akaja, akaninyooshea mkono. "Ufunguo wako."

Akarudi nao ukutani. Kufuli ya kwanza, tak. Ya pili, tak. Alizifungua zote kwa ufunguo wangu, moja baada ya nyingine, bila haraka, mafundi wote wakitazama.

"Nani aliwauzia hizi?"

Vidole vitano vikaninyooshea. Hata cha Bahati, ambaye mkono wake mwingine ulikuwa bado unaniomba msamaha.

"Mwalimu, hebu ona upande mzuri," nikajaribu. "Mmoja akipoteza ufunguo, anaazima wa jirani..."

"Mzee. Kama ingekuwa hita na si pampu, saa hii ungekuwa umeshika waya yenye moto."

Hakuna aliyecheka hapo. Nikageuka kutafuta wa kunitetea. Nilikuwa na mbuzi tu.

Wenzangu walipewa kufuli za maana kutoka sanduku lake, wakarudia zoezi, jioni wakapokea vyeti. Mimi nikaitwa kando.

"Wiki ijayo kuna kundi lingine," Hodan akasema. "Njoo usimame mbele yao uwaeleze vile ilikuwa. Halafu nitakupima upya, ukifaulu cheti utapata."

"Nieleze kila kitu?"

"Kuanzia katoni. Na usiruke mbuzi."

Nimempigia Mama Akiru. Anasema atangoja mpaka mwisho wa wiki ijayo, baada ya hapo hita zake anampa fundi mwingine. Kwa hiyo nishaurini, na anayecheka akae nje ya mjadala: niende nikajitangaze mbele ya watu nisiowajua ili nipate kazi? Na mwalimu akitaka aibu yangu iwe somo, si ni haki anilipie nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha mchana?