Kuhusu Baiskeli Zenu za Kukunja na Masanduku Mawili Yaliyohamia Nyumbani Kwangu

Kwako Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Safari,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakula, umekaa vizuri, na kiti chako hakiyumbi. Mimi mama wa nyumba yenye geti la bluu, mkunja shuka katika chumba cha kufulia cha hoteli, mwili haujambo ila roho iko juu juu. Mume wangu, seremala mstaafu, hajambo kabisa, na hapo ndipo shida ilipo, maana angepata mafua kidogo angetulia. Mama mkwe wangu hajambo, anakusalimu, na anauliza kama wewe ndiye yule kijana wa kwenye redio. Nimemwambia siye, akasema nikusalimie tu hivyo hivyo. Binti yetu kitindamimba hajambo, bado anasoma, ndiye anayenitazamia herufi, kwa hiyo ukikuta kosa ni lake. Kaka yake yuko mbali kikazi, anasema hajambo, ingawa juzi kwenye simu sauti yake ilikuwa nyembamba na tangu hapo sijatulia. Paka hajambo. Na wewe je, mwanangu? Na wa kwako wote? Kama umenizidi umri unisamehe kwa hilo la mwanangu, mdomo umeshazoea.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Mliandika kwenye ukurasa wenu jinsi ya kuchagua baiskeli za kukunja, za bei nafuu, za kubeba kwenye gari-nyumba. Mlisema mtu akishaegesha gari lake analolala ndani, hana haja ya kuliwasha tena kwa ajili ya mkate. Anatoa baiskeli, anaikunjua, anakwenda zake. Mlidhani mnawaandikia watu wote. Kumbe mlikuwa mnamwandikia mume wangu.

Tangu astaafu, amechukua basi dogo kuukuu akaligeuza nyumba. Lina kitanda, lina jiko, lina kabati, na mapazia nimeshona mwenyewe, kwa hiyo usiseme mimi ni mtu wa kupinga kila kitu. Safari yetu ya kwanza iko karibu. Jumamosi hii muuza baiskeli anakuja kuchukua jibu. Na mume wangu, Ndugu Mhariri, ni mtu anayeamini kilichochapwa. Mimi nikisema mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha. Gazeti likisema, anabeba mwavuli na jua linawaka. Ndiyo maana nimekuja kwako wewe na si kwa mtu mwingine. Malalamiko nimeyapa namba kama ukurasa wenu unavyofanya, ili usipotee njiani.

1. Mlisema kabla ya kununua mtu apime nafasi. Mtu mwingine angechukua futi akamaliza. Huyu ni seremala. Alitengeneza masanduku mawili ya mbao, ukubwa ule ule wa baiskeli iliyokunjwa, akayapiga msasa kwenye kona, akayawekea vishikio vya kamba. Mlipotaja na uzito, akayajaza matofali mpaka mizani ikakubali. Lakini hayaiti masanduku. Anayaita baiskeli. Aliniambia nitazame nisije nikajikwaa kwenye baiskeli yangu pale mlangoni. Nikajikwaa. Ugoko wangu sasa una rangi ya geti letu.

2. Mlisema baiskeli isizidi uzito ambao msafiri aliye mnyonge zaidi anaweza kuunyanyua. Hamkusema mnyonge anajulikanaje. Mwanangu, hii nyumba ilikuwa na amani! Mume wangu alisema mnyonge ni mimi, tena alisema kwa huruma, ndipo nikakasirika. Mimi ninayebeba shuka zilizolowa kila siku ya kazi! Ikabidi tutoke uani, mama mkwe akakalishwa kwenye kiti awe mwamuzi. Nikanyanyua baiskeli yangu ya matofali. Halafu nikanyanyua na ya kwake. Yeye aliinua sanduku lake mpaka magotini, akatulia pale kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata, akalirudisha chini. Akasema mgongo ulikuwa haujapata moto. Mama mkwe, mama yake mzazi, akasema yeye hilo alilijua tangu mtoto yuko darasa la pili. Chakula kikamshinda mume wangu. Nikaanza kazi ya kumbembeleza mtu mzima, kazi ambayo ilikuwa yenu ninyi wa gazeti.

3. Mlisema baiskeli ziwe na mahali pake maalumu ndani ya gari. Mahali hapo pamepatikana, ni kabati la sufuria zangu. Sufuria zimehamia kitandani. Nimeuliza mimi nitalala wapi, nikajibiwa kwamba ukurasa wenu haukugusia hilo. Kwa hiyo mpaka sasa matofali yana kabati, sufuria zina godoro, na mwenye mapazia ana ngazi ya mlango.

4. Mlisema tufanye mazoezi ya kuzitoa na kuzirudisha. Tukaenda na gari mpaka uwanja wa nje ya mji. Mume wangu akaegesha, akateremsha masanduku, akayapanga kando ya barabara, akasimama pembeni yake kwa muda ule ambao mtu angetumia kufuata mkate, ndipo ayarudishe. Watu wakadhani tunauza kitu. Mama mmoja akasimama. Mwingine akamwona yule amesimama, akasimama nyuma yake. Nilipotoa kichwa dirishani foleni ilikuwa imefika kwenye nguzo ya umeme, na waliokuwa nyuma wanawagombeza waliokuwa mbele kwa kuchelewesha wenzao.

Ndipo akaja askari wa barabarani. Akauliza mna nini humo. Mume wangu hajawahi kumdanganya mtu, akajibu ni baiskeli. Askari akafungua, akakuta matofali. Akauliza tena, taratibu safari hii. Mume wangu akasema ni baiskeli za kukunja, za bei nafuu. Askari akamwita mwenzake. Yule mwenzake akatoa matofali yote, akayaweka chini, akachungulia ndani kutafuta hiyo baiskeli. Mimi huku naona tunalala mahabusu, na nguo nilizoanika nani atazitoa? Nikawapelekea ukurasa wenu. Askari akausoma mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama hayo magurudumu madogo hayatamchosha mtu mrefu.

5. Na kweli, tuje kwenye hayo magurudumu. Mlisema madogo ndiyo yanayookoa nafasi. Muuza baiskeli ametuachia moja ya kujaribia. Mume wangu ni mrefu, hata meza ya kulia ameiongezea miguu. Amekaa juu ya ile baiskeli mara moja tu, uani, bila kukanyaga popote, magoti yamefika kwenye masikio kama panzi aliyekalia kijiko. Mama mkwe alicheka mpaka tukampa maji. Tangu siku hiyo anaipima tu, anaikunja, anaikunjua, anaipangusa. Kuiendesha hajaiendesha, anasema anasubiri kwanza ipate nafasi yake.

6. Hili ndilo lenyewe, yaliyotangulia yalikuwa ya kupasha mkono. Mlisema baiskeli mbili kwa wasafiri wawili. Mimi sijui kuendesha baiskeli. Kwetu wasichana hawakufundishwa, na baadaye nikapata watoto, na baadaye nikapata shuka. Kwa hiyo hesabu ni fupi. Tutaegesha mahali nisipopajua. Yeye atakunjua yake aende kufuata mkate. Mimi nitabaki kwenye ngazi natazama barabara.

Mkate wenyewe si mbali, mtasema. Hammjui mume wangu. Hawezi kupita penye randa ikilia. Atasimama kwa seremala mwenzake, wataulizana bei ya mbao, wataonyeshana vidole vilivyobaki. Jioni itaingia. Mimi gari siwezi, baiskeli siwezi, nitafanya nini? Nitakaa. Kesho yake wapita njia watanisalimu. Baada ya wiki watanizoea. Nitapanda mboga kando ya gurudumu. Watanichagua mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa pale. Binti yangu ataolewa na mimi nikiwa bado kwenye ngazi, picha wataniletea. Na yote hayo kwa ajili ya mkate!

Tena mimi najua vitu vya kukunja. Shuka ukilikunja vibaya linajifungua lenyewe, na ukililazimisha linajikunja lisipotakiwa. Je, hiyo baiskeli ikiamua kujikunja na yeye yuko juu? Ataletwa amekunjwa. Nitamkunjua kwa kuanzia wapi?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mchape yafuatayo kabla ya Jumamosi. Kwanza, mlikosea. Pili, baiskeli ya kukunja ni hatari kwa maseremala, hasa warefu, na kwa yeyote ambaye mkewe ana roho nyepesi. Tatu, mkate wote wa safari ununuliwe nyumbani kabla ya kuondoka. Nne, ikibidi, wenye magari-nyumba wafuatwe na gari la mkate nyuma yao mpaka wanakokwenda, na gazeti ligharamie, kwa kuwa ndilo lililoanza.

Usinichukie. Ningekuwa karibu ningekuletea chai. Wasalimie wachapaji wote, mpiga picha, anayefagia ofisi, na yule anayeandika habari za mvua, mwambie akazane. Mama mkwe anasema msalimie yule kijana wa redio.

Ni mimi mwenye wasiwasi lakini bila kinyongo,
Mama wa geti la bluu

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mume wangu barua yote, asije akaikuta gazetini akashtuka. Kwenye namba sita akavua miwani. Akasema hakujua. Akasema basi, Jumamosi atamrudishia mtu baiskeli yake, na mkate tutaununua hapa hapa. Akaenda kutoa matofali kwenye masanduku, moja moja, hata mluzi hapigi.

Nikawa nimeshinda. Nikatoka uani kuikunja ile baiskeli ya watu, kwa kuwa yeye hakuwa na moyo wa kuishika. Nikaona kwanza niikalie, nijue tu kilichomkaa rohoni. Ndugu Mhariri, mimi ni mfupi. Miguu yote miwili ilifika chini! Hili hakuna aliyeniambia, hata ninyi hamkuandika. Na uani kwetu pana mteremko kidogo. Nilinyanyua miguu mara moja tu nione, na kile kitu kikaondoka na mimi. Binti akapiga yowe akafungua geti. Nikapita kwa fundi viatu, nikapita duka la dawa, upepo unaingia kwenye mikono ya gauni, mpaka barabara ilipopanda, baiskeli ikaniachia yenyewe, polepole, kama mtu aliyefunzwa adabu. Nikarudi nikaanza upya. Nimekwenda mara nyingi. Mama mkwe ametaka zamu yake, tumemkatalia, amenuna.

Sasa mambo ni mabaya kuliko nilipoanza kuandika. Mume wangu ameiamini barua yangu. Maisha yetu yote ya ndoa hajawahi kuamini neno langu, na leo ameamini, eti kwa sababu lina namba. Namwambia nimegeuza mawazo, anasema namhurumia tu. Nimempitia mbele yake juu ya baiskeli, mikono imetulia, akageuza uso, akasema nisijitese kwa ajili yake.

Kwa hiyo usiichape barua hii, nakuomba. Chapa kwamba baiskeli za kukunja zinawafaa sana wake wa maseremala, na kwamba waume zao wanunue na ya pili wawafuate nyuma. Nijibu upesi, Jumamosi inakuja na ameshatafuta kamba ya kuifungia baiskeli. Hata maneno mawili yanatosha, mradi yawe yamechapwa.