Mashati ya Alhamisi

Jumatatu, 3 Novemba
Darasa la insha. Mwalimu Ingegerd katutaka tuandike kuhusu mahali pa kawaida ambapo watu hupita tu. Insha moja itasomwa maktaba Jumapili. Mara ya mwisho ilisomwa ya Holger, mwenzangu darasani, kuhusu kituo cha basi. Kituo cha basi! Watu wakafuta machozi. Safari hii ni zamu yangu, apende asipende.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeshinda kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Bure kabisa. Majirani wananikuta, wanageuka na makapu yao. Kwetu hakuna anayebarizi humo: unafua, unapangusa mashine, unaondoka.

Nimepata mbinu. Kwenye ubao wa zamu ukutani, kila nyumba ina kikufuli chake, kimefungwa kwenye saa yake ya kufua. Kuliko kugusa cha mwenzio, afadhali umzabe kofi. Nimemdanganya msimamizi kwamba changu kimekwama, akaniazima ufunguo wa vikufuli vyote. Nimekihamisha cha Gunvor, mjane wa ghorofa ya tatu, nikafunga changu mahali pake. Alhamisi jioni ni yake tangu sijahamia hapa. Tuone atafanyaje!

Alhamisi, 6 Novemba
Gunvor kashuka. Kautazama ubao, kaziona soksi zangu zikizunguka kwenye mashine. Hakugomba. Kaketi benchini, kikapu mapajani. Ndani mashati ya kiume tu, masafi, yamenyooshwa pasi. Nikamuuliza ni ya nani.

“Ya Sixten,” akasema. “Nayafua yasije yakanuka kabati. Alhamisi ndiyo alikuwa ananisaidia kukunja.”

Sixten ni marehemu mumewe. Nikapanda mbio kuandika kabla sijasahau.

Jumapili, 9 Novemba
Imechaguliwa yangu! Nimesoma. Holger kainamisha kichwa, raha iliyoje. Jina nilibadilisha. Ghorofa na mashati niliviacha, vilikaa vizuri mno.

Gunvor alikuwa kaketi nyuma, karibu na mlango. Sikujua huja maktaba. Alinipa mkono.

“Umeandika vizuri, jirani. Ila sasa nitashukaje na mashati yake? Kila mtu anajua.”

Alhamisi, 13 Novemba
Saa yake imepita, chumba kitupu. Nimegonga kwake nimwombe radhi. Hakuna aliyefungua.

Baadaye nikamwona uani, kwenye kontena la nguo za msaada, anayatumbukiza mashati moja moja. Nikajibanza nyuma ya baiskeli. La mwisho, la mistari ya buluu, alilishika muda mrefu, akalinusa. Iliniuma, Mungu anajua. Nilitaka niende nimzuie. Lakini kichwani sentensi ilikuwa imeshaanza vizuri.