Makaa ya Magunzi na Shati Jeupe

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya maprofesa watatu, tena kwa thermosi moja ya chai.

Mnaijua kazi yangu ya kumaliza masomo: makaa ya kusafishia maji, yanayotokana na magunzi ya mahindi. (Ndiyo, magunzi. Mlishanicheka, endeleeni.) Unayakatakata, unayaloweka katika asidi, unayachoma tanuruni. Asidi inayatoboa vitundu vidogo vya kunasa uchafu. Mwisho unayaosha kwa maji mengi hadi asidi yote itoke.

Maji mengi. Mtaani kwetu bomba limekauka tangu Jumatatu. Asubuhi nyumbani ilibaki bidoni moja ya maji, na utetezi wa kazi yangu mbele ya jopo ni saa nane mchana. Nikishindwa, narudia mwaka, na Maman ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe amemaliza.

Akanikuta na beseni, nimeinamia shati jeupe. "Ile mayi unafanya nayo nini?"

"Nafua chemise, Maman. Jury inaangalia muntu kwanza."

"Na makala yako?" (Makaa, kwa Maman, ni makala.)

"Niliisuuza mara moja. Inatosha."

(Haikutosha. Sheria niliiandika mwenyewe, ukurasa wa thelathini wa kitabu cha kazi yangu.)

Saa nane nimesimama, nang'aa. Makaa nimeyapanga kwenye chupa iliyokatwa kitako. Nikafungua thermosi, nikamimina chai ya rangi. Ilitakiwa itoke maji safi. Kiherehere kikanishika: "Ba prof, mutakunywa bila kuogopa."

Chai iliingia ya kahawia. Ikatoka nyeusi.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja asiyecheka hata kwenye harusi, akainua glasi dirishani. "Iko noire kupita ile uliingiza."

"Ni vumbi tu, Prof."

"Bon. Basi kunywa weye kwanza."

Nikanywa. Kando yake ndimu ni sukari, ndugu zangu. Mashavu yalikutana ndani ya mdomo. Nikakohoa, na yote yakarudi: kidevuni, kwenye tai, kifuani. Shati jeupe likawa la muuza makaa.

Mama yule akachovya karatasi ya kupimia asidi kwenye glasi. Ikawa nyekundu kabisa: asidi bado imejaa. Akanisogezea kitabu changu. "Soma page trente. Kwa sauti."

Nikasoma ukurasa wa thelathini, meno meusi: "Makaa yaoshwe angalau mara kumi." Wanafunzi wa nyuma walikuwa wamelala juu ya meza kwa kicheko.

"Rudia Ijumaa," akasema. "Leta makala yenye imeoshwa. Chemise, ata ikuwe chafu."

Nilirudi kwa miguu, kitabu nimekikumbatia kifuani. Maman hakuuliza kama nimepita. Alikisogeza kitabu, akatazama madoa, kisha akatazama bidoni tupu.

"Na ya kufua ile, mayi utapata wapi?"

Hatafuti maji ya kufulia mtu hapa. Ijumaa nasimama na shati hilihili, madoa yake yote. Bomba likitoa chochote, makaa yanaoga kwanza. Msinicheke. Na kama ni lazima mcheke, njooni mcheke mkiwa na bidoni iliyojaa.