Kamati ya Video za Mazoezi, Lango la Busia

Kwa furaha isiyo na kifani, Kamati ya Pamoja ya Mpakani ya Kuteua Video za Mazoezi ya Nyumbani inautangazia umma wa Busia na Tororo kwamba kazi imekamilika. Kuanzia Jumatatu iliyopita, hakuna mwananchi anayevuka kwa miguu kwenda Kenya bila Cheti cha Video. Mimi ni Cornelius Okumu, katibu wa Kamati. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa sababu ninazo.

Hali ilikuwa mbaya. Watu walikuwa wakijichagulia video za mazoezi kwenye simu zao kiholela, bila mwongozo wala muhuri. Mtu anataka kupunguza tumbo, anafuata video ya kutunisha mikono. Babu mmoja wa kijiji cha Kiyeyi alikutwa akifanya mazoezi ya wajawazito kwa miezi mitatu, na alisema yanamsaidia. Mpaka hauendeshwi namna hiyo.

Kwa hiyo tulijifungia katika hoteli moja mjini Tororo kwa miezi minane, tukatazama video mia mbili na kumi na nne. Tulizitazama tukiwa tumeketi, ili tusionekane kumpendelea mwalimu yeyote. Mimi niliongezeka kilo kumi na moja katika utumishi huo na sioni aibu. Wako walioitolea nchi zaidi ya hapo. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Emojong, ni mmoja wao. Suti aliyokuja nayo kwenye kikao cha kwanza sasa inavaliwa na mpwa wake, tena inambana mpwa huyo kifuani tu.

Tuliteua video tatu: ya tumbo, ya misuli na ya pumzi. Msafiri anajaza fomu, anataja lengo lake, anawekewa video inayomfaa. Na kwa kuwa haya ni mazoezi ya nyumbani, tulijenga nyumbani palepale langoni: sebule ya mabati, kochi lenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya mwaka juzi na chupa ya chai. Msafiri anavua viatu, anapiga hodi, karani wetu Tracy anamwambia karibu, na hapo kanuni zinamtambua kuwa yuko kwake.

Jumatatu asubuhi alipiga hodi mama mmoja wa Tiira, jina lake Asekenye, na kilo arobaini za nyanya kichwani. Zamani alikuwa akibeba mawe kutoka kwenye mashimo ya dhahabu; nyanya, alisema, ni kupumzika.

"Lengo lako la mazoezi ni lipi, mama?" nilimuuliza.

"Nafika kwa Leonida mbele ya saa mbili."

Leonida ana hoteli upande wa Kenya. Asekenye amempelekea nyanya kwa miaka tisa, na hana mteja mwingine.

"Hilo halimo kwenye fomu. Kuna tumbo, misuli na pumzi."

"Tumbo ya nani?"

"Yako."

Alijitazama, akajipapasa. "Hiyo iko wapi?"

Tracy akamwandikia misuli. Kwenye skrini, mwalimu mwenye meno mengi alimwagiza ainue chupa mbili za maji mpaka mikono iungue. Asekenye alizishika zote mbili kwa mkono mmoja, akainua, akashusha, akainua, huku akichungulia nyuma ya kochi.

"Mzigo ingine iko wapi?"

Dakika thelathini zikaisha. Kigezo chetu ni cha kisayansi: Tracy humpangusa msafiri paji la uso kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilirudi kikavu. Ikabidi tumfelishe kwa kutojitahidi.

"Lakini ssebo, mkubwa wangu, mimi natoka Tiira kwa miguu!"

"Hayo ni mazoezi ya barabarani, mama. Sisi tunahusika na ya nyumbani."

Jumanne alirudi, akafeli tena, mkavu vilevile. Jumatano asubuhi Leonida alituma ujumbe kwamba asipoona nyanya kufikia saa sita mchana, nafasi hiyo atampa mtu mwingine. Asekenye aliketi kwenye kochi letu akalia. Nyanya zilikuwa zimeanza kulainika. Naomba ieleweke kwamba roho iliniuma, iliniuma kabisa, ila fomu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Nikamshauri ajaribu video ya tumbo.

Jumatano hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi, bendi na pilau vilikuwa upande wa Kenya. Kamati ilikuwa ivuke kwa miguu mbele ya kamera, kama mfano kwa taifa, kwa kweli mataifa mawili. Magari yetu yalikuwa yametangulia na viti. Tulipofika langoni Tracy akasimama katikati ya njia.

"Vyeti, wakubwa."

Mheshimiwa Emojong alicheka. "Wewe naomba mimi cheti?"

"Boss, ni wewe ulisema hata mamako asipite bila. Na hiyo kamera inachukua."

Mheshimiwa aliitazama kamera, akatabasamu, akavua viatu na kupiga hodi. Alichagua video ya tumbo. Kwa hili nampongeza kwa ukweli wake. Dakika ya pili mwalimu alisema tulale chali. Mheshimiwa alilala mkekani. Mwalimu akasema tuinuke. Mheshimiwa aliendelea kulala. Jasho alilitoa kwa wingi, kitambaa kililowa hadi kikakamuliwa, lakini kanuni inataka mtahiniwa amalize akiwa amesimama. Mimi nilifika dakika ya nne, kisha nikamwona marehemu nyanya yangu akiniita kwa upole.

Mtu atauliza kwa nini hatukubadilisha kanuni. Kubadilisha kanuni kunahitaji kikao, na vikao vya kanuni, kwa mujibu wa kifungu nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hufanyika upande wa Kenya. Harufu ya pilau ilikuwa inaingia dirishani.

Asekenye aliinuka kwenye kochi. Alimtazama Mwenyekiti pale mkekani, akamzunguka, akamtazama tena kama anayekadiria gunia. Kisha akaonyesha kidole tangazo la mizigo ukutani.

"Tracy, mwanangu, nisomee hii."

Tracy akasoma: "Mzigo unaoharibika upesi, wa kilo mia moja na kuendelea, upite mara moja pamoja na mchukuzi wake, bila cheti." Kifungu hicho tuliwawekea wafanyabiashara wakubwa, watu wenye heshima zao.

"Lakini nyanya zako ni arobaini tu, mathe," Tracy alisema.

"Mimi sisemi nyanya. Nasema huyu."

Mheshimiwa akageuza shingo. "Mimi mzigo? Mimi Mwenyekiti?"

"Sheria ni msumeno, boss," Tracy alisema. "Na ile pilau inapoa."

Pale mkekani Mheshimiwa alifikiri kwa muda ambao haukuwa mrefu. "Niandike," alisema.

Mizani ilisema kilo mia na ishirini na moja. Tracy alichukua kalamu. "Anaharibika upesi?"

"Iko naharibika tangu asubuhi," Asekenye alijibu. "Jua ikipanda, hakuna mtu atakula."

Alimpakia kwenye mkokoteni wa langoni peke yake, bila msaada na bila jasho. Kapu la nyanya alimpakatisha Mheshimiwa tumboni, akamwambia alishike vizuri. Nami nilipanda mizani kwa matumaini. Kilo tisini na nane. Mbili tu! Nilimwomba Tracy anipe chai ya chupa nijazie, akasema hiyo ni mali ya sebule.

Mkokoteni ulipokuwa unatoka, Mheshimiwa alianza kuihutubia kamera kuhusu uongozi wa kuonyesha mfano.

"Mathe, mzigo wako unaongea," Tracy alisema.

"Hiyo naongeaga tu. Ndani hakuna kitu."

Saa sita kasoro Asekenye alikuwa jikoni kwa Leonida, na nafasi yake ya miaka tisa ilikuwa bado yake. Mzigo mkubwa aliuacha kwenye banda letu la mizigo upande wa pili, kwa sababu mchukuzi si mwenye mali. Mlinzi wa banda alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mwenye mzigo huu ajitokeze. Mgeni rasmi alitazama saa yake. Bendi ilitazama ngoma zake. Umati wote uligundua ghafla kwamba una viatu, ukaanza kuvikagua.

Kamati ingeweza kumdai, ila barua ya madai hutiwa sahihi na Mwenyekiti, na mzigo hauruhusiwi kutia sahihi. Kwa hiyo tulifuata utaratibu: mali isiyodaiwa kwa siku mbili hupigwa mnada.

Mnada ulifanyika Ijumaa. Tracy, aliyehudhuria, ameniletea taarifa hapa sebuleni, ambako bado najiandaa kwa mtihani wangu wa tano. Watu walijaa hadi barabarani. Dalali alianza na bei ya heshima, akateremka, akateremka tena, mwishowe akasema anayemtaka amchukue bure na asante juu. Kisha mama mmoja wa nyuma akainua mkono, Mheshimiwa akaketi wima kwa matumaini, na mama akauliza kama kile kiti alichokalia kinauzwa peke yake.